Wahandisi, chuoni mlikuwa mnalala masaa mangapi? Nimeandika daftari la usingizi muhula mzima

Waya Mwekundu · saa 3:52 usiku

Wakuu, salaam.

Niko mwaka wa tatu, uhandisi wa umeme, chuo sitakitaja. Muhula uliopita mwalimu alitupa kazi ya kupima matumizi ya umeme vyumbani: andika kila kifaa, wati zake, kimewashwa saa ngapi, kimezimwa saa ngapi, wiki mbili mfululizo. Nikanunua kaunta buku, nikachora safu. Taa, feni, laptopu tatu, chaja za simu, na jagi la kuchemshia maji ambalo kisheria halipo. Wiki mbili zilipoisha nilikuwa nimegundua jambo ambalo sikutumwa: taa yetu haizimwi kabla ya saa tisa usiku. Chumba cha watu wanne, tunalala sita.

Kazi nikakusanya, vifaa nikaachana navyo, nikabaki kujipima mwenyewe. Saa ya kulala, saa ya kuamka. Nimeandika hivyo hadi UE, mitihani ya mwisho wa muhula, zilipoisha.

Siku za kawaida wastani wangu ni masaa 4 na dakika 50. Wiki za testi masaa 3 na nusu. Jumamosi nalala kama gogo masaa 10, naamka kichwa kinagonga. Hapo sikushangaa, ndiyo stori yetu sote, na tusidanganyane, tunaisimulia kwa kujisifu. Mtu anaingia pindi la saa moja asubuhi macho mekundu, anasema "sijapata hata lepe la usingizi" huku anatazama nani amesikia.

Kilichonishtua ni safu ya tatu. Kuanzia wiki ya nne niliongeza safu nikaiita "kilichofanyika". Usiku wa kuamkia testi ya mashine za umeme nilikaa kimbweta, yale mabenchi ya kusomea nje, tangu saa mbili usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri. Masaa tisa. Daftari linasema: kurasa 11. Zilizobaki ni kutafuta soketi inayofanya kazi, foleni ya chipsi, ubishi wa Simba na Yanga, kumsubiri jamaa apige picha desa alitume kwenye grupu, na video moja ya Mhindi anayefundisha vizuri kuliko sisi sote tulivyoelewa, niliyoirudia mara tatu kwa sababu kila nikifika katikati nasinzia.

Asubuhi nikaingia kwenye testi. Swali la transfoma ya kVA 50, kipeo cha nguvu (power factor) 0.9, hasara zote kW 3, tafuta ufanisi, yaani nguvu inayotoka gawanya kwa inayoingia. Juu nikaandika 50 bila kuizidisha na 0.9. Chini nikaizidisha, nikapata 45, nikajumlisha hasara, 48. Hamsini gawanya arobaini na nane. Nikaandika asilimia 104, nikapigia mstari mara mbili, nikageuza ukurasa.

Wakuu, mimi ni mtu wa umeme. Hata mtoto wa fundi redio anajua hakuna mashine inayotoa nguvu nyingi kuliko inayopewa. Niliitazama ile 104 kwa macho yangu haya na haikuniambia kitu.

Sasa nauliza. Nyie mlikuwa au mnalala masaa mangapi? Na je, ni mtaala unaotunyima usingizi, au kuna mengine? Tiririkeni.

---

Nimechoka · saa 4:01 usiku

Hiyo transfoma usiiache hivihivi mkuu. Iuze, nchi haitaona mgao tena.

Mimi masaa 4. Mwaka wa pili, mitambo.

---

Binti wa Karakana · saa 4:19 usiku

Mleta uzi umesahau kuwauliza mabinti. Hosteli yetu maji yanapanda ghorofa ya tatu kuanzia saa saba usiku, yanakata saa kumi. Mchana bomba linakoroma tu. Kwa hiyo hata kama nimemaliza kusoma saa tano, nalala kwa mang'amung'amu nikisikilizia. Ukisikia ndoo zinagongana koridoni ujue yameshatoka, unaamka, unapanga foleni, unajaza ndoo mbili na dumu, unarudi kitandani miguu imelowa. Na kitanda chenyewe tunabebana wawili, futi mbili na nusu. Mwenzangu akigeuka na mimi nageuka, tumeshazoea kama wanajeshi gwarideni.

Weka hayo kwenye safu yako ya tatu. Hakuna mtaala hapo.

Na nisimulie hili maana nimelikalia muda mrefu. Mwaka wa kwanza, karakana, zamu yangu kwenye mashine ya kukereza chuma. Nilikuwa nimelala masaa mawili, ripoti ya maabara ilikuwa inakusanywa siku hiyohiyo. Nikafunga kipande changu vizuri, nikakaza kwa ule ufunguo wa kubania, nikausahau palepale. Nikapeleka mkono kuwasha. Fundi wa karakana, mzee mmoja hana maneno mengi, akanishika kiganja. Hakupiga kelele. Akauchomoa ufunguo, akaniwekea mkononi, akasema, "Huu ungekuwa umeshafika kwenye paji lako la uso." Kisha akauliza, "Umelala wewe?"

Nikasema ndiyo. Akanionyesha benchi la pembeni, nikakaa mpaka kipindi kikaisha. Mpaka leo nikishika ule ufunguo siuachii mkononi hata nikiitwa.

---

Mzee wa Zege · saa 4:33 usiku

Watoto wa siku hizi mna mambo. Sisi enzi zetu hakuna laptopu. Meza ya kuchorea, rula ya T, kalamu za wino, karatasi ya kufuatishia. Ukikosea mstari saa nane usiku unaukwangua kwa wembe taratibu, ukizidisha umetoboa karatasi na unaanza upya, mchoro wote. Tulikesha, tulimaliza, madaraja yamesimama. Usingizi utaupata ukistaafu.

---

Nimechoka · saa 4:36 usiku

Shikamoo mzee. Na umestaafu ukaupata?

---

Mzee wa Zege · saa 4:41 usiku

Marahaba. Naamka saa tisa kila siku bila kengele, nahesabu mbao za dari.

---

Dozi Kutwa Mara Tatu · saa 4:58 usiku

Naingia ingawa si mhandisi, mimi ni wa hospitali, na sisi tunajua zamu za usiku.

Kwa umri wenu, miaka 18 hadi 25, kinachopendekezwa ni masaa 7 mpaka 9. Tuliache hilo kwanza, maana mtaniambia ni la vitabuni. Niwape lingine. Mwaka 1997 Drew Dawson na Kathryn Reid kule Australia walichukua watu, wakawakesha, wakawapima uratibu wa jicho na mkono. Siku nyingine wakawapa watu walewale pombe, wakawapima vilevile. Aliyekaa macho masaa 17 alifanya sawa na mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Aliyefika masaa 24, karibu asilimia 0.10. Binti wa Karakana, mzee wako wa karakana aliona mlevi mbele ya mashine. Ndiyo maana hakutaka maneno.

La pili linamhusu mleta uzi na hiyo 104 yake. Mwaka 2003 Hans Van Dongen na wenzake, Chuo Kikuu cha Pennsylvania, waliwapunguzia watu usingizi kwa siku 14 mfululizo, wengine wakalala masaa 6 tu kwa usiku, wengine 4. Uwezo wa kufikiri ukashuka kila siku, mpaka ukafika pale anapofika mtu aliyekesha usiku mmoja hadi miwili mfululizo. Hilo pengine mngelitegemea. Lakini walipoulizwa "unajisikiaje?", siku za mwanzo walisema wamechoka kidogo, na baadaye wakaendelea kusema vilevile, kidogo tu, huku vipimo vinaporomoka. Kwa hiyo anayekwambia "mimi nimezoea, masaa manne yananitosha" hasemi uongo, ndivyo anavyojisikia. Kipimo cha kujipima ndicho kilichoharibika.

Mwenye asilimia 104 hawezi kuiona 104.

---

Nimechoka · saa 5:02 usiku

Mimi nimezoea kweli lakini.

---

Dozi Kutwa Mara Tatu · saa 5:03 usiku

😂 Haya.

---

Kitandani Saa Nne · saa 11:40 alfajiri

Nimeamka nimeukuta uzi umejaa. Jina langu mmeliona. Mwaka wa nne, ujenzi. Nalala saa nne usiku, saa nne na nusu nikizidisha, naamka saa kumi na moja. Chumbani wananiita babu.

Kabla hamjasema hii chai: sina first class, GPA yangu 4.1 kati ya 5, nimewahi kula sapu (mtihani wa marudio) moja ya hisabati mwaka wa kwanza, enzi hizo nakesha kama nyie. Baada ya ile sapu nilibadilisha jambo moja tu. Maswali ya tutoriali nayafanya siku ileile ya kipindi, kabla sijala chakula cha usiku. Hata kama siyamalizi. Yakinishinda naandika kwa penseli niliposhindwa wapi. Wiki ya testi inapofika sina jipya la kusoma, narudi kwenye alama za penseli.

Gharama ipo. Mechi za usiku sizijui, huwa nasimuliwa. Kikundi cha mradi kikiamua kukutana saa tano usiku mimi natuma sehemu yangu mapema na wananinunia. Na nilikuwa na rafiki wa kike aliyesema kuniongelesha usiku ni kama kuongea na redio iliyoisha betri. Hatuko pamoja.

---

Nimechoka · saa 1:15 asubuhi

Chai. Tena ya tangawizi.

---

Natokea Chanika · saa 1:31 asubuhi (naandikia kwenye gari)

Kitandani Saa Nne hongera, ila wewe unaishi chuoni. Mimi hosteli nilikosa, kwa mjomba wangu ni Chanika, pembezoni mwa Dar. Pindi la saa moja asubuhi maana yake niko barabarani saa kumi na robo. Naamka saa tisa na dakika 40. Jioni kipindi kinaisha saa moja, nyumbani naingia saa tatu na nusu mambo yakiwa mazuri, na huwezi kuingia nyumba ya watu ukaenda moja kwa moja kulala. Unasalimia, unakaa kidogo, unamsaidia mtoto wa mjomba hesabu zake. Kitabu changu nakishika saa tano.

Nimejifunza kulala wima. Unapitisha mkono kwenye bomba la juu, unafunga kiwiko, begi mbele tumboni, magoti unayaacha yalegee kidogo ili breki isikuangushe. Konda wa gari la alfajiri ananijua, ananiamsha kwa kunigonga begani na sarafu. Ikitokea siti, siku hiyo nimebarikiwa: saa nzima na dakika kumi ya usingizi mnono. Huo ndio usingizi wangu bora wa siku, sitanii.

Boom, hela ya mkopo, likitoka nitapanga karibu na chuo, nimesema hivyo mihula mitatu sasa. Likitoka lina mambo yake.

---

Jirani wa Thika Road · saa 2:10 asubuhi

Wadau wa Tanzania, hamjambo. Huku Kenya uhandisi ni miaka mitano, kwa hivyo deni la usingizi nalo lina mwaka wa ziada.

Mimi nitasema kile ambacho wengi huku hawasemi. Vitabu havinizuii kulala. Kinachonizuia ni kodi ya nyumba. Niko bedsitter, mwenye nyumba hajui mambo ya HELB, mkopo wetu wa wanafunzi, imechelewa. Kwa hivyo usiku nafanya kazi za mtandaoni, kuandika na kuchora michoro ya kompyuta, wateja wako Marekani. Wakiamka wao, New York wako nyuma yetu masaa saba au nane kutegemea msimu, kwetu ni alasiri. Wakitaka marekebisho "leo", leo yao inaisha asubuhi yetu. Nimewahi kumaliza kazi ya mteja saa kumi, nikaoga, nikaenda kufanya mtihani. Mteja alilipa. Mtihani nilirudia.

Kwa hivyo ukiuliza mwanafunzi wa uhandisi analala masaa mangapi, muulize kwanza anakula nini na analipiwa na nani.

---

Binti wa Karakana · saa 2:22 asubuhi

Jirani umesema. Huku mwisho wa boom watu wanapiga pasi ndefu, chai ya saa nne inaunganishwa na ugali wa saa mbili usiku. Na tumbo likiwa tupu hata hayo masaa manne huyalali, unageukageuka tu unasikiliza linavyolalamika.

---

Chaki na Dasta · saa 7:05 mchana

Mimi niko upande wa pili wa meza. Nafundisha, chuo na mimi sikitaji, mtanisamehe.

Mnauliza kama ni mtaala. Niwaambie ninavyoona kutoka kwetu. Mtaala wenyewe, ukiugawanya sawasawa kwenye wiki za muhula, unabebeka. Tatizo haugawanywi. Kila mwalimu anaona somo lake tu. Wiki tatu za mwanzo tunapooza, ratiba haijakaa sawa, wengine hata hawajasajiliwa. Halafu sote tunakumbuka kwa pamoja kwamba alama za kozi lazima ziingie kabla ya UE. Mimi naweka testi wiki ya saba, wa hisabati wiki ya saba, wa maabara anataka ripoti wiki ya saba. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kiongozi wa darasa akija kulalamika kila mmoja wetu anamwambia akaongee na yule mwingine. Nimekuwa kiongozi wa darasa pia zamani, najua ile safari ya ofisi hadi ofisi.

Sasa kuhusu kukesha usiku wa kuamkia mtihani. Mwaka 2019 watafiti wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, walitoa matokeo ya kazi waliyoifanya na wanafunzi kama mia moja wa somo la kemia la mwanzoni, lile la kemia ya vitu yabisi. Waliwavalisha saa za mkononi zinazorekodi usingizi muhula mzima. Jeffrey Grossman, aliyekuwa anafundisha somo hilo, alikuwa mmoja wao. Usingizi wa muhula mzima, wingi wake na utaratibu wake, ulielezea karibu robo ya tofauti za alama kati ya mwanafunzi na mwanafunzi. Lakini usingizi wa usiku mmoja kabla ya mtihani haukuonyesha uhusiano wowote na alama. Nimesoma sentensi hiyo mara mbili nilipoiona mara ya kwanza. Yaani mama zetu waliokuwa wanatufukuza kitandani mapema usiku wa mtihani walikuwa wamechelewa wiki kadhaa.

Na lingine humo humo: waliokuwa wanalala baada ya saa nane usiku walifanya vibaya zaidi hata walipotimiza masaa saba yaleyale.

Ni uhusiano, hauthibitishi chanzo, na hao ni wanafunzi wa MIT, hakuna anayeamka kuteka maji. Mleta uzi usije ukamwonyesha mwalimu wako ukidai alama.

Kwenye somo la maadili ya uhandisi huwa nawapa wanafunzi ajali kadhaa, nawauliza saa. Vinu vya nyuklia kwanza: Chernobyl, 26 Aprili 1986, saa saba na dakika 23 usiku. Three Mile Island, 28 Machi 1979, karibu saa kumi alfajiri. Challenger, chombo cha anga cha Marekani kilicholipuka 1986, iliruka asubuhi, lakini uamuzi wa kuirusha kwenye baridi ile ulijadiliwa kwa simu usiku wa kuamkia siku hiyo, na tume iliyochunguza iliandika kwamba baadhi ya mameneja waliohusika walikuwa wamelala kidogo sana. Zile pete za mpira zilizoshindwa kuziba gesi ndizo chanzo, hilo halina ubishi. Wahandisi walisema wasirushe. Waliotakiwa kuwasikiliza ndio waliokuwa wamechoka.

Wanafunzi wanaitikia kwa vichwa. Wengine sijui kama wanaitikia au wanasinzia.

---

Mzee wa Zege · saa 8:47 mchana

Mwalimu umenigusa. Jana niliandika kwa ubishi wa kizee, leo niseme kweli.

Tulikuwa tunamwaga zege la nguzo na jamvi, jengo la ghorofa, kampuni siitaji, wengi bado wapo. Zege likianza halisimami, ukilisimamisha linapata kiungo kibaya, kwa hiyo tulianza saa nne asubuhi na saa tisa usiku bado tunaendelea. Mimi ndiye mhandisi wa zamu, na jana yake pia nilikuwa zamu kwa sababu mwenzangu alifiwa. Niliegemea nondo zilizosimama nikawa natazama vijana wanamwaga. Natazama kabisa, macho wazi. Kijana wa mashine ya kutetemesha zege alikuwa ameishiwa mafuta, ameizima, anasubiri aletewe. Waliendelea kumwaga bila kutetemesha. Nikaona, nikasema sawa.

Siku tulipofungua mbao nguzo mbili zilikuwa na matundu kama sega la nyuki, nondo unaziona. Tulizivunja kwa nyundo na patasi siku nne. Katika hizo siku nne hakuna aliyenilaumu, kwa sababu nilimlaumu yule kijana kwanza, na yeye alikuwa kibarua tu.

Sijui yuko wapi. Nilitaka niandike hilo.

---

Waya Mwekundu · saa 9:10 alasiri

Mzee, shikamoo. Nimesoma mara mbili.

---

Mama Wawili · saa 11:26 jioni

Wanangu, mimi si wa fani hiyo, kijana wangu ndiye anasoma huko mwaka wa pili. Likizo iliyopita alifika nyumbani Ijumaa usiku, akalala. Jumamosi nikamwamsha ale, akala akiwa amefumba macho, akalala tena. Jumapili hivyohivyo. Nikaogopa, nikampeleka akapimwe malaria, hana. Nikawaza labda ameanza mambo ya ajabu, siku hizi vijana wanapotea. Nikamkagua begi, Mungu anisamehe. Nilikuta vikopo vitatu vya vile vinywaji vya kuongeza nguvu, tupu, na karatasi za mahesabu.

Kumbe alikuwa na usingizi tu. Hivi vinywaji vina madhara?

---

Dozi Kutwa Mara Tatu · saa 12:02 jioni

Pole mama yangu. Kilichomo hasa ni kafeini na sukari. Kafeini haiondoi uchovu, inauziba mlango. Kuna kitu kinaitwa adenosini kinajikusanya kwenye ubongo kadiri mtu anavyokaa macho, ndicho kinacholeta usingizi. Kafeini inakaa kwenye nafasi yake, kwa hiyo ubongo haupati taarifa, lakini adenosini inaendelea kurundikana nje. Kafeini ikiisha inaingia yote kwa mkupuo.

Na huchukua kama masaa matano kupungua nusu. Akinywa kikopo saa nne usiku, saa tisa nusu yake bado inazunguka. Hata akilala hapo, usingizi hauzami. Kikopo kimoja mara mojamoja kwa kijana mwenye afya hakimuui. Vitatu kwa usiku mmoja, moyo ukianza kwenda mbio au kifua kubana, aje hospitali asisubiri. Na mwambie umemkagua begi, atacheka.

Kuhusu alama, niongezee kwa Mwalimu: mwaka 2023 ulitoka utafiti mwingine wa vyuo vitatu vya Marekani, wanafunzi wa mwaka wa kwanza zaidi ya 600. Kila saa moja iliyopungua kwenye wastani wa usingizi wao mapema kwenye muhula iliendana na GPA ya mwisho kushuka 0.07.

---

Nimechoka · saa 12:08 jioni

0.07 tu? Hiyo naihonga.

---

Kitandani Saa Nne · saa 12:15 jioni

Kuna jamaa yangu alimaliza na 4.36. First class inaanzia 4.4. Kamwambie "tu".

---

Waya Mwekundu · saa 2:40 usiku

Nimerudi wakuu, nilikuwa maabara. Asanteni, sikutegemea mambo yangefika kwenye nguzo.

Nimefanya hesabu upya baada ya maneno ya Binti na wa Chanika. Nimechukua daftari, nikapitia kila usiku niliolala baada ya saa nane, nikaandika sababu kwa kalamu nyekundu. Siku 61. Kazi ya chuo iliyokuwa inakusanywa kesho yake: 19. Chumba kuwa na kelele au taa: 17. Simu: 14, na hapo sina wa kumlaumu. Joto umeme ulipokatika na feni ikazima: 6. Harusi ya jirani wa hosteli, muziki mpaka alfajiri: 2. Tatu zilizobaki nimeandika "sijui". Nilikaa tu.

Kwa hiyo mtaala ni theluthi ndogo. Na zile 19, nyingi ziko kwenye wiki mbili, kama alivyosema Mwalimu. Kiongozi wetu wa darasa nimempa karatasi yenye tarehe za testi zote za muhula huu zimewekwa kwenye jedwali moja. Hajaenda kuongea, ameibandika kwenye mlango wa idara. Walimu wawili wamesimama kuisoma, mmoja amesogeza testi yake kwa siku nne. Mwingine amesoma akaenda zake.

Chumbani tumekubaliana taa kubwa izimwe saa sita, anayetaka kusoma awashe ya mezani au aende kimbweta. Watano tumekubali. Wa sita ndiye mwenye jagi, na sote tunalihitaji jagi, kwa hiyo mazungumzo yanaendelea.

Tangu muhula uanze niko masaa 5 na dakika 55. Babu wa saa nne simfikii, ila kutoka 4:50 si haba. Simu nimeihamishia kwenye kabati la mlangoni, kengele ikilia inabidi nishuke dabo deka.

Leo naaga mapema, daftari linanisubiri.

---

Nimechoka · saa 8:47 usiku

Wakuu kuna aliye macho? Nina testi ya mashine saa mbili asubuhi. Ile transfoma ya mleta uzi, hiyo 0.9 inazidishwa juu tu au na chini?

---

Mzee wa Zege · saa 9:06 usiku

Nimemuuliza mwanangu, ni mtu wa umeme. Juu na chini. 45 kwa 48, asilimia 93.75. Kalale.